Michezo ya video: nani amebaki nje ya mlango?

Mwezi wa Machi 2025, huko San Francisco nchini Marekani, makampuni makubwa ya michezo ya video, kati yao Microsoft, Nintendo na Ubisoft, yalitangaza mpango wa alama 24 za kuwekwa kwenye michezo inayouzwa. Alama hizo zinamwambia mnunuzi, kabla hajatoa pesa yake, kama maandishi yanasomeka vizuri, kama menyu inasomwa kwa sauti, kama anaweza kubadilisha kazi ya vitufe, kama anaweza kuhifadhi mchezo wakati wowote na kupumzika. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Juni, sheria ya Umoja wa Ulaya inayodai bidhaa na huduma ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu ikaanza kutumika.

Habari hizi hazikusikika sana kwetu, na sababu inajulikana. Mwaka huo, hasa katika Kivu, tulikuwa na mambo mengine ya kulilia. Lakini tunaona zinastahili kuangaliwa, wapendwa wasomaji, maana zinagusa swali ambalo hata makanisa yetu yenye ngazi ndefu mlangoni yanalijua.

Tuanze na kijana mmoja wa Norwe. Mats Steen alizaliwa mwaka 1989 na ugonjwa wa Duchenne, ambao unadhoofisha misuli ya mwili kidogo kidogo. Alitembea akiwa mtoto, kisha akakaa kwenye kiti cha magurudumu, na mwishoni zikabaki nguvu chache za vidole. Karibu kila siku alicheza World of Warcraft, mchezo ambao watu wa nchi nyingi wanaucheza pamoja kwa njia ya intaneti. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, ila walikuwa na huzuni: waliona mtoto anayemaliza ujana wake mbele ya skrini, bila rafiki, bila mchumba, bila kupata nafasi ya kumfaa mtu yeyote.

Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Baba yake, Robert Steen, aliandika habari ya msiba kwenye blogu ya mwanawe na kuacha anwani ya barua pepe. Barua zikaanza kuingia, moja, kisha nyingine, kisha nyingi, kutoka nchi mbalimbali. Walioandika walimjua Mats kwa jina la Ibelin, jina lake la mchezoni. Walisema alikuwa mtu wa kusikiliza na kushauri. Mama mmoja wa Denmark, aliyekuwa na shida ya kumfikia mwanawe mwenye otizimu, alishauriwa na Ibelin acheze pamoja na mtoto huyo, na humo mchezoni mama na mwana wakaanza kusogeleana. Marafiki kadhaa walisafiri kutoka nchi zingine kuja kwenye mazishi. Hapo ndipo wazazi walielewa kwamba hawakuwa wamejua maisha ya mtoto wao. Filamu juu yake ilitoka mwaka 2024.

Tunaisimulia kwa urefu kwa sababu wengi wetu tulio katika huduma tumezoea kuitaja michezo hii tunapohubiri juu ya kupoteza muda, basi. Hasara ipo, hatukatai. Tunawajua vijana wanaomaliza pesa ya minerval katika vyumba vya PlayStation. Lakini kwa Mats mchezo ule ulikuwa mtaa wake, soko lake na baraza lake. Mtu ambaye hawezi kutoka nyumbani, akifungiwa na mchezo pia, aende wapi?

Na mara nyingi kinachomfungia ni kitu kidogo. Manete, kile kifaa cha vitufe ambacho mchezaji anashika, ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili na vidole vyepesi. Kuna michezo inayodai ubonyeze kitufe kimoja haraka haraka mara nyingi ili kuvuka kizuizi. Mwenye misuli dhaifu anaishia hapo, hata kama ana akili ya mchezo kuliko wenzake wote. Kuna inayotenganisha adui na rafiki kwa nyekundu na kijani tu, rangi ambazo wanaume wengi kuliko tunavyodhani hawazitofautishi. Kuna inayotoa onyo kwa mlio peke yake, na kiziwi anapigwa bila kujua pigo limetoka upande gani. Katika mifano hii yote kosa liko kwenye meza ya fundi, ambaye hakumfikiria mtu huyu wakati wa kuchora.

Mafundi wengine walianza kumfikiria. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa manete ya namna nyingine: ni bapa, ina vitufe viwili vikubwa kama visahani, na nyuma ina matundu 19 ya kuchomeka vitufe vya ziada. Mtu anaweza kucheza kwa mguu, kwa goti, kwa kiwiko au kwa kidevu. Hata katoni yake ilifungwa kwa vitanzi vya kuvuta, kwa kuwa wenye ulemavu walikuwa wameeleza kwamba katoni nyingi huwalazimu kutumia meno. Makampuni hayakuanzisha wazo hilo peke yao. Mashirika kama AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza yalikuwa yamefanya kazi miaka mingi kuwasaidia wachezaji mmoja mmoja kupata vifaa vinavyowafaa, na ndiyo yaliyoitwa kutoa shauri. Sony ilifuata na kifaa chake mwaka 2023.

Upande wa michezo yenyewe, The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikuwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu, na vipofu waliweza kuimaliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 iliongeza milio inayomjulisha mchezaji umbali kati yake na mpinzani. Mholanzi Sven van de Wege, ambaye haoni, alikuwa ameshindana katika Street Fighter kwa kusikiliza tu miaka kadhaa kabla ya hapo. Michezo hii miwili ni ya mapigano na damu, nasi hatuipendekezi kwa watoto. Tunaitaja kwa ajili ya ufundi wake.

Je, ni sheria iliyoleta haya? Kwa sehemu ndogo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayodai njia za mawasiliano ya kisasa ziweze kutumiwa na wenye ulemavu. Makampuni ya michezo yaliomba kuongezewa muda tena na tena, hadi mwisho wa mwaka 2018, na hata hivyo sheria inagusa mazungumzo ya wachezaji tu, mchezo wenyewe hauguswi. Sheria ya Ulaya nayo inahusu zaidi duka la intaneti na mawasiliano. Zile alama 24 ni za hiari kabisa. Kwa maoni yetu hapo ndipo udhaifu ulipo. Kampuni inayofungua mlango kwa hiari yake inaweza kuusahau mwaka ambao faida imepungua, na kazi hii mara nyingi huwekwa mwishoni, wakati pesa na muda vimekwisha.

Kwetu Kongo maneno yapo kwenye karatasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, katika kifungu cha 30, unasema watoto wenye ulemavu wapate nafasi ya kucheza sawa na wengine. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2015, na mwezi wa Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe ya kuwalinda watu hao. Lakini manete ile ya Microsoft ilitoka kwa bei ya dola 100 hivi, bila vitufe vya ziada. Ni familia gani ya Bukavu au Kalemie yenye mtoto aliyepoteza mkono kwa risasi itakayotoa pesa hiyo? Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, na walio wengi wanaishi katika nchi za watu wenye mapato madogo na ya kati.

Kwa hiyo mlango wa kwetu ni simu. Simu nyingi za Android zina programu ya kusoma skrini kwa sauti, bila malipo, inayoitwa TalkBack. Shida ni kwamba mchezo huchorwa kama picha moja kubwa, na programu hiyo haioni neno lolote la kusoma ndani ya picha. Unity, chombo ambacho michezo mingi ya simu hujengwa nacho, kimeongezewa njia ya kuunganisha mchezo na wasomaji-skrini hao, lakini mtengenezaji ni lazima achague kuitumia.

Tulijaribu wenyewe, pamoja na kijana wa kwaya asiyeona. Simu ilikuwa kwa Kifaransa: tuliingia Paramètres, kisha Accessibilité, tukawasha TalkBack. Mchezo wa kwanza ulikaa kimya. Wa pili ulirudia neno « bouton » kila alipogusa, bila kusema ni kitufe cha nini. Wa tatu, mchezo mdogo wa maneno, ukamsomea kila herufi. Alicheza mpaka betri ikaisha, kisha akamuuliza mwenye simu kama Jumapili ijayo atakuja nayo tena.