Njia Moja, Vitabu Vitatu



Likizo iliyopita mwalimu wetu mmoja aliniazima vitabu vitatu vya Kiswahili alivyovinunua Kigoma. Cha kwanza ni maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe, cha pili ni historia, cha tatu ni riwaya. Vyote vitatu vinapita njia moja, ile njia ya misafara iliyotoka pwani, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika huku kwetu Maniema. Kwa hiyo nadhani vinatuhusu sana, nami napenda kuwaelezeni niliyoyaona humo.

Kitabu cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Habari zake alizitoa mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kiswahili chake hakina mapambo: tulikwenda, tukapigana, tukapata pembe. Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi alivyopata utawala Utetela. Alimwendea mfalme mzee, Kasongo Rushie, akadai kuwa yeye ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo ule aliyetekwa zamani vitani. Mzee akamkubali, akampa nchi. Bwana Hamed anayasimulia hayo kwa utulivu, kama mfanyabiashara anayeeleza faida yake. Alikuwa mwerevu na shujaa, wala hakuna awezaye kukana. Walakini katika kitabu chake pembe huhesabiwa kwa frasila, na wale waliozibeba mabegani karibu wote hawana majina.

Kitabu cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Huyu alizaliwa katika jamii ya watumwa waliokombolewa, wakakaa Freretown, mji uliojengwa na misheni ya Kiingereza karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Hapa anasema aliyenyamaza katika kitabu cha kwanza. Tunaona kijiji kikivamiwa, watoto wakitengwa na mama zao, minyororo, njaa, na hofu ya bahari. Nilikisoma kwa uchungu. Lakini hata Bwana Mbotela ana upande wake. Moyo wake umejaa shukrani kwa Waingereza waliowaokoa wazee wake, na mwenye shukrani nyingi haulizi maswali mengi.

Sisi wa Maniema yatupasa kuuliza. Huku kwetu askari wa dola ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walipigana na Waarabu na Waungwana tangu 1892 hata 1894, wakaiteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Nao walisema wamekuja kukomesha utumwa. Baada ya hapo, katika sehemu nyingi za Kongo, watu walilazimishwa kwenda msituni kutafuta mpira, na aliyepungukiwa alipigwa au kuuawa. Dola ile ilidumu mpaka 1908, Ubelgiji ilipoichukua nchi. Basi, si kila aliyekata mnyororo mmoja alikuja na mikono mitupu.

Kitabu cha tatu ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitia katika Kiswahili. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kuwa rehani ya deni. Yeye anadhani amekwenda kukaa na jamaa yake, kumbe yeye ndiye malipo. Anafuatana na msafara hata bara, ng'ambo ya ziwa, na mwisho wa hadithi Wajerumani wamekwisha kuingia. Wenzangu wengine husema riwaya ni uongo, heri kusoma historia. Mimi nasema Yusuf hakuishi, lakini watoto wa namna yake waliishi, wala hakuna aliyewapa kalamu. Riwaya hii imewapa sauti.

Sasa nitoe maoni yangu. Kitabu kimoja peke yake ni shahidi mmoja, na hakuna baraza la wazee linalokata shauri kwa kumsikiliza shahidi mmoja. Usomapo, uliza: anayesema hapa ni nani, na aliyenyamaza ni nani? Kisha umtafute huyo aliyenyamaza katika kitabu kingine.

Najua wako wanaosema habari hizi ziachwe, kwa kuwa katika miji yetu wajukuu wa Waungwana na wajukuu wa mateka wanakaa mtaa mmoja, wanaoana, na kuzikana. Wanaogopa chuki. Ni hofu ya watu wema, lakini mimi naona chuki hulishwa na nusu ya habari. Nyumba hii husimuliwa ushujaa, nyumba ile husimuliwa mateso, na watoto hukutana shuleni kila mmoja ameshika nusu yake. Zikisomwa nusu zote mbili pamoja, mchana, mbele ya mwalimu, hakuna atakayeweza kuzitumia gizani. Hata Kiswahili hiki ninachokiandika kilifika kwetu kwa njia ile ile ya pembe na minyororo. Je, tukitupe? La. Ni chetu sasa, tena ndicho kitakachotuwezesha kuzungumza.

Hata hivyo kuna kitabu cha nne ambacho sikukipata katika furushi la mwalimu: kitabu cha mtu wa Maniema aliyeuona msafara ukiingia kijijini kwake. Mtu huyo amekwisha kufa, lakini maneno yake yamebaki kwa wajukuu wake, ambao sasa ni wazee sana. Enyi wanafunzi, mwendapo likizo chukueni daftari, mkae nao, mwandike wanayosema pamoja na majina. Nanyi kaka zetu mliotangulia, mnaofanya kazi Kindu, Bukavu na Kisangani, mna mashine za kuchapa na mna fedha kidogo. Tuleteeni maandishi yenu, nasi tutayachapa katika kurasa hizi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee wetu ni mali.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita