Tuombe, lakini tusimtwike mgonjwa lawama

Kuna maneno yanayosemwa msibani kwa sauti ya chini, na huniuma kila nikiyasikia: "Tuliomba sana, ila marehemu mwenyewe imani yake ilikuwa haba." Anayeyasema mara nyingi hana nia mbaya. Anatafuta namna ya kumtetea Mungu. Lakini Mungu hahitaji wakili, na anayeshtakiwa hapo ni marehemu asiyeweza kujibu.

Mimi ni Mlutheri na muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, mkoani Arusha. Nasali asubuhi na jioni na sijaona sababu ya kuacha. Ninachokikataa ni kuyageuza maombi kuwa mtihani, mgonjwa asipopona aonekane yeye ndiye aliyefeli.

Wengi tunaukumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa kanisa langu, Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema Mungu amemwotesha dawa ya mti wa mugariga. Kijiji chake cha Samunge, Loliondo, kikafurika watu. Walikuja wakulima, wafanyabiashara na viongozi wa serikali, Wakristo kwa Waislamu, hata kutoka nje ya nchi. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani. Kikombe kimoja cha dawa hiyo kilikuwa shilingi 500 tu. Nauli ndiyo iliyouza mbuzi na mahindi ya watu.

Babu alifariki mwaka 2021, na moyo wake anaujua Mungu. Mimi nasema habari za walioacha dawa za hospitali baada ya kikombe kisha wakarudi kwetu kliniki, na za wale ambao hawakurudi.

Mtu akiacha dawa za ARV hazidiwi kesho yake. Anaweza kukaa wiki, hata miezi, akijiona mzima, tena bila kichefuchefu wala ndoto mbaya ambazo baadhi ya dawa za wakati ule zilikuwa zinaleta. Katika miezi hiyo anasimama kanisani na kutoa ushuhuda kwa moyo mweupe, wala hadanganyi. Lakini ndani ya damu virusi vinazaliana na kinga inashuka, na hilo halionekani bila kipimo. Ndiyo maana ushuhuda wa namna hii huvuma sana. Aliyejisikia nafuu hupewa kipaza sauti, na aliyezikwa hana wa kumsemea.

Namkumbuka mama mmoja aliyerudi baada ya kupotea kwa muda mrefu. Alifungua fundo la khanga akatoa kadi yake ya kliniki, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, haina hata doa. Safu ya tarehe za kurudi ilikuwa tupu. Alipofungua kinywa nikaona utando mweupe umetanda hadi kooni, hata mate alikuwa anayameza kwa shida. Hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Sista, kwani imani yangu ilipungukia wapi?"

Nilimwambia, "Mama, imani yako siwezi kuipima, na wala sina haki hiyo. Ninachoweza kupima ni kinga yako. Tuanze na hiyo leo." Alirudi kwenye dawa, na kanisani hakuacha kwenda. Swali lake sijalisahau, kwa sababu ugonjwa tuliweza kuutibu, ila kile kidonda cha lawama alikuwa ametiwa na watu waliosema wanampenda.

Wapo watakaosema basi maombi ni bure, na sayansi imekwisha kuthibitisha. Nao wana hoja ya kusikilizwa. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Herbert Benson, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita. Vikundi vya Wakristo viliombea baadhi yao, wengine havikuwaombea. Miongoni mwa wale ambao hawakujua kama wanaombewa au la, walioombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52, na wasioombewa asilimia 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59. Fedha nyingi za utafiti huo zilitoka taasisi ya John Templeton, ambayo si adui wa dini.

Muumini asiukimbie utafiti huo. Unatuambia kwamba maombi ya watu wa mbali, yakipangwa kama dozi, hayakuleta tofauti iliyoweza kupimika. Mwenye shaka naye asiuongezee chumvi. Wagonjwa wale walikuwa na mama zao, wake zao na majirani, na hakuna aliyeweza kuwazuia hao wasiombe. Wala utafiti haukuuliza kama mgonjwa aliyesali alilala usiku wa kuamkia upasuaji, au kama alipata nguvu ya kusamehe na kuaga. Mambo hayo muuguzi wa zamu ya usiku huyaona. Nimeona mama akishika rozari na jirani yake wa kitanda cha pili akisoma Yasini, wote wawili kesho yao haijulikani, na wodi nzima ikatulia. Siwezi kuandika kwenye faili kwamba hilo liliponya mtu. Siwezi pia kusema halikuwa kitu.

Tena, vitabu vyetu vyenyewe haviahidi kinachoahidiwa kwenye mabango ya mikutano. Daudi alifunga na kulala chini akimwombea mwanawe mgonjwa, na mtoto akafa. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, haukuondolewa. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na alikinywa. Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad alimzika mwanawe Ibrahim akiwa mdogo, akamlilia. Nani atathubutu kusema hao imani yao ilikuwa haba? Waswahili nao walikwisha kuona kwamba dua la kuku halimpati mwewe, na bado misikiti na makanisa yao hayakufungwa.

Basi naomba mambo mawili. Kwa wachungaji, mashehe na mitume wa siku hizi: asisimamishwe mtu kushuhudia kwamba amepona ukimwi, kisukari au saratani bila majibu ya hospitali, na asiambiwe mtu yeyote aache dawa. Maombi yenye nguvu hayaogopi maabara. Anayemkataza mgonjwa kupima anailinda biashara, hailindi imani. Na maiti asisemewe uongo juu ya jeneza lake.

Kwa wenzangu wa afya: tuache kubeza. Mgonjwa akichekwa kwa sababu amekwenda kuombewa, hataacha kwenda. Atakachoacha ni kutuambia. Tutabaki tunashangaa kwa nini vidonge havifanyi kazi, kumbe viko kwenye sanduku la nguo, virusi vimejenga usugu, na dawa ya kwanza haimfai tena. Mkeka wa sala na kidonge cha saa mbili usiku vinaweza kukaa chumba kimoja, na mgonjwa asilazimishwe kuchagua.

Mgonjwa akituambia ameombewa, tuitikie amina kwa dhati. Kisha tumuulize tarehe yake ya kurudi kliniki ni lini, na kama nauli anayo.