Mahakama imehama, kesi ya ardhi imebaki

Kijana wa Mombasa, ni mara ngapi umepita Fort Jesus ukielekea Mji wa Kale bila kulitupia jicho jengo lililo mkabala? Ile ndiyo Mahakama ya Kale, iliyojengwa na Mwingereza mwaka 1902. Leo haina hakimu wala karani. Iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na ndani yake hufanywa maonyesho.

Enzi za mkoloni hapakuwa mahali pa kutazama picha. Fort Jesus yenyewe ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Angalia walivyojirahisishia kazi: hukumu upande huu wa barabara, minyororo upande ule!

Lakini hawakuumia waliofungwa peke yao. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye ardhi Pwani alitakiwa ajitokeze kuandikisha madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Sheria ile ilimjua mtu na karatasi yake. Haikujua shamba la ukoo wala kaburi la babu. Wamijikenda wengi walilala wenyeji, wakaamka maskwota.

Bendera ikabadilishwa 1963. Sheria je? Ikaendelea kula nasi sahani moja hadi ilipofutwa 2012. Zaidi ya miaka mia! Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaziandika dhuluma za ardhi za Pwani katika ripoti yake. Vizuri. Lakini skwota hajengi nyumba juu ya ripoti.

Wako watakaokwambia jengo la mkoloni libomolewe. Usikubali! Anayebomoa ushahidi humsaidia mshtakiwa. Libaki, ila liseme kweli. Sheria ya 1908 ibandikwe ukutani mle, kwa Kiswahili, ili kijana wa Likoni na Kisauni asome mwenyewe ni kalamu gani iliyomgeuza babu yake mgeni.

Nawe usingoje kualikwa. Ingia, uliza, soma. Kisha waendee wazee, uandike mipaka wanayoijua kabla hawajatutoka. Vigogo wamezoea kijana wa kurusha mawe. Dawa yake wanayo. Kijana mwenye tarehe, majina ya mashamba na mashahidi, huyo ndiye anayewanyima usingizi.