Marisau Hayachagui Popo
Mwandishi anayetaka popo wa Pemba wawindwe tena kwa bunduki, mradi risasi ichaguliwe vizuri, amekosea tangu mwanzo. Popo hawa hushinda mchana wamening'inia kwa mamia juu ya miti mirefu, kama pale Kidike, kisiwani humo. Mlio mmoja wa bunduki ya marisau humwaga chembe tele: wachache huanguka miguuni mwa mwindaji, wengine huruka na risasi mwilini wakafie vichakani, wasimfae mtu. Chembe ndogo hujeruhi, kubwa hufika mbali zaidi, na zote hazimbagui jike aliyekumbatia mtoto, naye kwa kawaida huzaa mmoja tu. Bunduki zilichangia sana kuwapunguza, hata mwaka 1996 wakaorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka. Atasema sasa ni wengi. Wameongezeka kwa sababu wanavijiji walikubali bunduki zinyamaze; vipi ongezeko hilo liwe hoja ya kuzirudisha? Atasema wanamaliza maembe. Maembe wanakula, lakini hao hao hutawanya mbegu za miti ya msituni. Na kule Kidike, mgeni hulipa kiingilio ili awaone wakiwa hai.