Hita Si Anasa

Kila Julai, Nairobi inatukumbusha kwamba iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jua linapotea wiki nzima, nguo hazikauki, na ile bedisita ya mawe uliyoipenda Januari inageuka friji. Ukilalamika unaambiwa: si uvae sweta? Utadhani ulikuwa umekaa uchi.

Mimi nikanunua hita. Siku ya tatu keateka akabisha. "Madam, hita hairuhusiwi. Mwenye ploti anasema utatuchomea nyumba." Nikamuuliza, na jiko la makaa je? Akacheka. "Hilo halina shida."

Halina shida! Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inakukuta usingizini na haikuamshi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Tunaandika "poleni", tunasonga mbele.

Haya, tupige hesabu. Soketi ya kawaida hapa Kenya ni ya ampia 13. Hita ya wati 2,000 kwenye stima ya volti 240 inavuta ampia 8 na kitu. Soketi iliyofungwa vizuri inaibeba bila jasho. Kama waya za ploti zinaungua kwa sababu ya hita moja, basi shida iko kwa fundi wa bei ya chini na nyumba kumi zilizorundikwa kwenye laini moja. Mwenye ploti anajua alichookoa hapo. Sisi ndio tunakilipia kwa baridi, na wengine kwa uhai.

Najua tokeni zinauma. Hita hiyo ikiwaka saa moja inameza uniti 2, kwa hivyo si ya kukesha nayo. Washa kidogo kabla ya kulala, ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni ya mtaani, iwe mbali na pazia, kisha uizime.

Lakini usikubali kuambiwa ni ubishoo. Ukienda kutafuta nyumba unauliza maji yanakuja siku gani. Uliza na waya. Na mkataba ukisema hita marufuku, muulize mwenye ploti, kabla hujalipa depositi, anataka ulale na nini.