MAHINDI YANAPIGA MBIU, TUSIYAZIBE MDOMO

Ndugu wanaushirika,

Msimu wa kununua mbegu umekaribia. Kuna maneno yanazunguka kijijini, ati mahindi ya kienyeji tuyatupe kabisa, tupande chotara tupu. Sisi tunasema tusiende mbio.

Mahindi yana lugha yake, nayo ni harufu. Huu si uchawi, ni elimu. Nondo wa funza wa mabua akitaga mayai kwenye jani, kuna mahindi ya kienyeji ambayo hubadili harufu palepale. Upepo huichukua. Nyigu wadogo sana huinusa, wakaja kutaga ndani ya mayai na funza wale, na adui akafa. Wataalamu wa kituo cha wadudu cha ICIPE, kule Kenya, walitangaza jambo hili mwaka 2011. Chotara walizozipima wakati ule hazikuita nyigu.

Kituo hicho pia kilianzisha kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi, harufu yake humfukuza nondo. Mabingobingo hupandwa pembeni, nayo humvuta akatage huko. Ukame ulipozidi, walichagua desmodiamu nyingine na nyasi za brakiaria zinazovumilia jua.

Sisi wa Ufipa tunahusika. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi aliingia nchini, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuvamiwa. Joto likiongezeka, wadudu huzaana upesi. Dawa ni ghali, tena nyingi zinazoua kiwavi huua na nyigu, askari wetu wasiodai mshahara.

Hatusemi chotara ni mbaya. Magunia yake tunayaona. Lakini chotara iko dukani kila mwaka. Mbegu ya wazee ikishaisha juu ya jiko, hakuna duka la kuinunua.

Basi tunapendekeza kwa mkutano ujao:

1. Kila nyumba ipande japo matuta kumi ya mahindi ya kienyeji, mbali kidogo na chotara, na mbegu itunzwe.

2. Ushirika utenge nusu ekari ya kujaribu desmodiamu. Ng'ombe watapata majani.

3. Bwana shamba aombwe kufikisha mbegu zetu kwa watafiti wa Uyole, Mbeya, zipimwe kama nazo zinaita.

Njooni wote, kina mama hasa, maana mbegu mnazitunza ninyi.

Katibu, kwa niaba ya Kamati