Msingoje Mkataba, Msiuze Paa



Katika jumuiya zetu limeenea shauri moja linalotolewa kwa sauti ya busara: kijana mwenye shahada anayetaka kuhamia Kanada na angoje kwanza mkataba wa kazi kutoka huko, ndipo aombe. Wazazi hulisema, wakuu wa shule hulisema, wazee hulirudia. Sisi twalipinga. Shauri hilo huwala vijana miaka yao, na tena limewafungulia soko wale wanaouza mikataba ya uongo.

Hatuhimizi mtu yeyote kuondoka. Shule na vituo vya afya vya nchi hii vinahitaji mikono, na anayechagua kubaki amechagua jambo la heshima. Lakini yule ambaye, pamoja na mwenzi wake, amekwisha kuamua kuondoka anastahili kuambiwa ukweli kuhusu wakati wa kuomba.

Tutazame hesabu. Katika mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, Kanada humpima mwombaji kwa alama 100, naye hana budi kupata 67. Tumchukue mwalimu wa sekondari mwenye miaka 33, shahada ya chuo kikuu na miaka 5 ya kazi. Umri humpa alama 12, shahada, ikisha kulinganishwa na ya Kanada, 21, kazi, 13. Hizo ni 46. Akifaulu mtihani wa Kifaransa katika ngazi ya 9, huongezewa 24, jumla 70. Amepita, wala hakuna mwajiri aliyemwandikia barua. Akiishia ngazi ya 7, hupata 16 tu, jumla 62. Pasipo nyongeza nyingine, ameanguka. Kilichomzuia mlangoni ni mazoezi ya kusikiliza, kusoma, kusema na kuandika lugha aliyofundishwa tangu darasani, wala mkataba haumo katika kisa chake. Wengi wetu hudhani kwamba aliyesomea kwa Kifaransa hana haja ya kujiandaa. Mtihani wa TEF Canada au TCF Canada hauulizi ulisomea wapi.

Aliyepita huingizwa katika orodha ya Entrée express, iliyoanza Januari 2015, na humo hupangwa upya pamoja na wenzake kwa alama nyingine. Zamani mkataba wa kazi ulimwongezea mtu humo alama 50, na kwa vyeo vya juu 200. Tangu tarehe 25 Machi 2025 nyongeza hiyo imefutwa, na Serikali ya Kanada ilitoa sababu yake: karatasi hizo zilikuwa zikinunuliwa na kuuzwa. Katika kile kipimo cha kwanza mkataba bado una alama 10, lakini mwalimu wetu amepita bila hizo. Basi, dalali anayekuomba dola elfu kadhaa ili akupatie mkataba anakuuzia kitu ambacho, hata kingekuwa cha kweli, kisingekusogeza hatua moja katika orodha hiyo. Na kikigunduliwa kuwa cha uongo, mwenye kukataliwa ni wewe; yeye amekwisha kula.

Wakati huohuo umri haungoji. Katika orodha hiyo, asiye na mwenzi hupata alama 110 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29. Akifika 35 zimebaki 77. Akifika 40 zimebaki 50. Akifika 45 hana hata moja. Anayengoja barua kuanzia miaka 35 hadi 40 amepoteza alama 27 akiwa ameketi. Sala ni njema, lakini haibadilishi tarehe ya kuzaliwa. Na tangu 2023 Kanada huwa na mizunguko ya mialiko iliyotengwa kwa wanaojua Kifaransa. Mlango huo unatufaa sisi kuliko wengi, nasi twausimamia nje tukingoja karatasi isiyoulizwa.

Wanaotupinga watauliza: je, kufika nchi ya ugenini bila kazi si kujitupa? Swali hili ni la haki. Mwalimu au muuguzi hafiki leo na kuanza kazi kesho. Kila jimbo la Kanada lina idhini yake ya kufundisha au kuuguza, na kabla ya kuipata wengi huanza kwa kazi za mikono. Ndiyo maana asiye na mkataba hudaiwa akiba: zaidi ya dola 14,000 za Kanada kwa mtu mmoja, na zaidi ya hapo kwa familia. Fedha hiyo isiwe ya mkopo, na benki ithibitishe salio la miezi 6 iliyopita. Thamani ya nyumba au kiwanja haihesabiwi.

Hapa ndipo tunapoweka mpaka wetu. Asiye na mali nyingine ila nyumba wanamolala watoto wake, asiiuze ili apate akiba hiyo. Kuomba si kupata. Aliyeuza paa kisha akakataliwa hurudi kuwa mpangaji katika mtaa aliokuwa na kiwanja. Huyo na ajiwekee akiba kwanza, hata kama alama zake zinapungua. Na ndugu zetu wa Goma, ambako benki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, wana mzigo wa ziada wa kuonyesha akiba hiyo. Tusiwahukumu kwa kuchelewa.

Basi wakati wa kuomba ni upi? Ni pale vitu vinne vinapokutana: mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka 10 iliyopita, shahada iliyolinganishwa, mtihani wa lugha uliofaulu, na akiba isiyo ya deni. Kujiandikisha katika orodha hakulipiwi. Jina hukaa humo miezi 12, matokeo ya mtihani hudumu miaka 2, na aliyealikwa hupewa siku 60 kukamilisha hati zake. Anayeanza kutafuta hati baada ya mwaliko amechelewa.

Kwa hiyo, wazazi na wazee wenzetu, tuache kumwuliza kijana kila Jumapili kama amepata mkataba. Tumwulize kama amejiandikisha kwa mtihani, na kama yeye na mwenzi wake wamekubaliana juu ya fedha na juu ya nani atabaki na watoto. Nanyi vijana, ketini jioni moja na karatasi, mwandike vile vitu vinne. Vikiwapo vyote, ombeni mwezi huu. Kikikosekana kimoja, kitafuteni hicho, wala msimpe dalali hata senti.